Baiskeli, mlima wa Kimara na kituo nilichoshukia

Haya jamani, nimerudi kwenye baiskeli. Miaka mitatu ilikuwa imeegemea ukuta wa koridoni nyuma ya ndoo za maji, mke wangu ashaigeuza sehemu ya kuanikia mataulo, na mi kila mwezi nasema mwezi ujao. Kilichonitoa ni bodaboda, siku moja nilikaa nikajumlisha nauli za mwezi mzima, jibu lililotoka hata kuliandika hapa naona aibu.

Naishi Kimara hapa Dar, kazi Posta, kwa hiyo ni Barabara ya Morogoro mwanzo mwisho, ile ya mwendokasi, mabasi yalianza 2016 na pembeni wakaweka njia ya baiskeli. Asubuhi ni raha tupu maana Kimara iko juu na Posta iko baharini, sehemu kubwa unaserereka tu na upepo usoni. Na hapo ndo nilipodanganyika, siku ya kwanza nimefika kazini najiona bado wamo, nikawapigia watu stori mpaka saa nne.

Jioni sasa. Kabla hata sijafika Shekilango makalio yanawaka moto, mikono imekufa ganzi, af ukishapita Ubungo ndo kilima kinaanza, na vituo vyake nimevikariri kama mtoto wa chekechea: Kibo, Kona, Baruti, Bucha, Korogwe, Kimara Mwisho. Mi nilishuka Kibo. Cha kwanza kabisa! Nikatoa simu nikajifanya nasoma meseji huku moyo unadunda mpaka masikioni, mwendokasi limesimama pale limejaa, watu wamebanwa kwenye vioo, na hawana kingine cha kuangalia zaidi yangu.

Mara akatokea kijana na baiskeli ya Phoenix isiyo na gia, kreti za mikate tupu kafunga nyuma kwenye keria, mguuni ndala, simu kaibana kwa bega anaongea na mtu huku anapanda taratibu kama hakuna mlima. Alivyonifikia akasitisha maongezi, "Shikamoo mzee, pancha?" Nina miaka 41. Nikamwambia marahaba, eeh, pancha.

Kesho yake nikaipeleka kwa fundi wetu wa pale mtaani. Kaiangalia tu akacheka, "Kaka, kiti chako kiko kama cha mtoto." Kakipandisha vidole vinne, akaniambia nikae niweke kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unyooke, basi ukija kukanyaga kwa mbele ya unyayo goti linabaki limekunja kidogo tu. Kumbe yale maumivu ya magoti sio uzee. Golori za nyuma zilikuwa zimekauka grisi, mnyororo akausugua na mafuta ya taa, matairi yalikuwa laini kama maandazi, yaani nilikuwa napanda mlima na breki nimeshika.

Halafu gia. Zamani nilikuwa napanda na gia nzito, gia nyepesi niliona za wanaoanza. Fundi akasema unapandia mlima gia ya mteremko bosi, shusha kabla mlima haujaanza, acha miguu izunguke haraka. Ukifanya hivyo unahema sana kweli, ila pumzi ukisimama dakika mbili inarudi, goti likishauma linakaa wiki.

Nikaanza na Jumanne na Alhamisi tu, siku zingine basi. Natoka saa kumi na moja na nusu kabla jua la Dar halijaanza fujo zake, taa nyekundu nyuma, shati na suruali nimeshazipeleka ofisini Jumatatu, nikifika naoga kwa ndoo chooni, mlinzi ashanizoea. Makalio dawa yake ni mafuta ya mgando na boksa isiyo na mshono katikati, baada ya kama safari sita nikasahau kama nina makalio.

Njia yenyewe ndo usiseme. Manzese unakuta viatu vya mtumba vimepangwa juu ya njia ya baiskeli, mbele yake karai la chipsi, na bodaboda anakuja kwa mbele anakupigia honi WEWE utoke. Na Jangwani mvua ikinyesha ya maana mto Msimbazi unaijia barabara, kwa hiyo nikiona wingu zito baiskeli inabaki na mataulo yake.

Wiki ya pili nikashukia Kona. Wiki ya tatu Baruti, ya nne Baruti, ya tano nimeongeza na Jumatatu bado Baruti, nikaanza kuona kile kituo kina mkosi. Kumbe mi nakunywa chai na chapati mbili saa nne, mchana kazi zimebana sili, af saa kumi na moja nataka mwili upande mlima na nini? Nikaanza kula ndizi mbili na maji kabla ya kutoka, Alhamisi hiyo hiyo nimepita Baruti naiangalia kwa dharau nikashukia Bucha. Wiki iliyofuata Korogwe, mara mbili.

Sa juzi Jumanne nimepita Kona, nimepita Baruti, pumzi ipo, najua leo ni Kimara Mwisho. Kufika Bucha nikamuona yule kijana wa mikate anakokota Phoenix yake pembeni, kreti zimeinama upande mmoja. Nikasimama. Nikamuuliza, "Vipi, pancha?" Akacheka mpaka akaweka baiskeli chini, "Pancha kweli mzee, sio kama ya kwako." Kumbe alijua siku ile! Basi nikatoa pampu na vilaka, tukaitoa tyubu tukakaa pale kama nusu saa mpaka giza likaingia, af tukapanda wote mpaka Kimara Mwisho sijashuka tena. Sa hiyo sijui niihesabu vipi, maana mguu nilikanyaga chini Bucha, ila mke wangu anasema haihesabiki.