Nimerudisha viwango vyote kwenye moja

Jumapili usiku, saa tatu kasoro, nilibonyeza. Programu yangu ya mazoezi ya baiskeli iliniuliza mara mbili kama nina hakika, na mara zote mbili nikajibu ndiyo. Kiwango changu cha kizingiti kikashuka kutoka 7.4 hadi 1.0. VO2 max, yaani uwezo wa juu kabisa wa mwili kutumia oksijeni, ilikuwa 6.1, nayo ikaenda. Uvumilivu, tempo, mlipuko, zote zikajipanga safu moja, moja nukta sifuri, kama watoto wa siku ya kwanza shuleni. Nilikaa kwenye mkeka kando ya treina nikiitazama simu mpaka kioo kikajizima.

Niwaeleze wale ambao hawajawahi kutumia kitu kama hiki. Baiskeli yangu imefungwa kwenye treina, kifaa cha kukanyagia pedali bila kwenda popote, pale balkoni, gurudumu la nyuma limetolewa. Simu ndiyo inayoiambia treina ikaze kiasi gani. Kila zoezi limepewa kiwango cha ugumu, kuanzia moja hadi kumi, na mimi mwenyewe nina kiwango changu kwa kila aina ya nguvu. Nikimaliza zoezi gumu, kiwango kinapanda na zoezi linalofuata linapangwa juu kidogo. Nikishindwa, kinashuka. Msingi wa hesabu yote ni FTP, ndiyo kizingiti chenyewe, yaani wati ambazo mtu anaweza kuzishikilia kwa takriban saa moja. Mwezi wa Aprili yangu ilikuwa 210. Nilihangaika miaka miwili kuifikia.

Katikati ya Mei nikaugua nimonia. Wiki tano sikukanyaga pedali hata mara moja. Mama alikuja kutoka Machakos kunipikia uji wa wimbi, na kila nilipotupia jicho balkoni alikuwa akifunga pazia bila kusema neno. Daktari aliponiruhusu kuanza polepole, mwisho wa Juni, nilifungua programu nikakuta inanisubiri pale pale iliponiacha: vipindi vinne vya dakika kumi, kila kimoja karibu kabisa na kizingiti. Niliweza dakika sita za kipindi cha kwanza. Nilishuka kwenye baiskeli nikashika ukuta, kifua kinawaka, na baridi ya Nairobi ya majira haya ikiingia mapafuni kama sindano.

Nikasema, basi, nishushe FTP. Nikaandika 190. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa, kwa sababu viwango vyangu vilipanda badala ya kushuka. Kizingiti kikavuka nane. Ilinichukua siku mbili kuelewa, na nikishaelewa nikaona ni hesabu ya haki kabisa. Wati 200 ni asilimia 95 ya 210, lakini ni asilimia 105 ya 190. Programu ilikuwa na kumbukumbu kwamba huyu mtu mwezi Aprili alishikilia wati 200, vipindi vinne, akamaliza. Kwa mtu mwenye FTP ya 190, hilo ni zoezi gumu kupindukia. Kwa hiyo ikanipa sifa zaidi. Ilikuwa inamhesabia mwanamke wa Aprili, naye hayupo tena.

Jumamosi iliyofuata nilipeleka baiskeli kwa fundi wangu kule Kikuyu. Ni mzee wa miaka sitini na kitu, ameendesha mashindano enzi zake, bila kipimo chochote isipokuwa saa ya mkononi. Vilima vya upande ule vina historia yake. Mwendesha baiskeli David Kinjah ni wa huko, na alimfundisha Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, miaka mingi kabla Froome hajaanza kushinda Tour de France mwaka 2013. Fundi hapendi kuzungumzia mambo hayo, anapenda kuzungumzia minyororo. Nilimweleza habari ya viwango huku akiosha mnyororo wangu kwa mafuta ya taa.

"Sasa hiyo simu inajuaje kama umechoka?" akaniuliza.

"Inaniuliza, mzee. Nikimaliza zoezi inaniuliza lilikuwaje. Rahisi, wastani, ngumu, ngumu sana, au nimemaliza nguvu zote."

"Na wewe ulikuwa unaijibu nini?"

Sikumjibu. Akaendelea kuosha mnyororo.

Nimeiandika sehemu hii mara tatu na kuifuta, lakini shajara nisiyoweza kuandika ukweli ndani yake haina kazi kwangu. Tangu Februari nilikuwa nikijibu "wastani" kwa mazoezi yaliyokuwa yakinitoa machozi. Nilijua kwamba nikisema "ngumu sana" programu itanipunguzia wiki inayofuata, na sikutaka ile namba ishuke. Tulikuwa tunatumiana picha za viwango vyetu kwenye kikundi cha WhatsApp kila Jumapili, na kila Jumapili nilitaka yangu iwe imesogea. Kuna kitu kingine nilichokuwa nikifanya: katikati ya kipindi nilisimamisha zoezi, nikainama juu ya usukani mpaka pumzi irudi, halafu nikaendelea. Kwenye rekodi ilionekana nimemaliza. Zile wati nilizikanyaga kweli, kila moja, lakini kizingiti cha 7.4 kilikuwa na mapumziko ndani yake ambayo hakuna aliyeyaona.

Kwa hiyo sitaki kuiambia nafsi yangu kwamba nimonia ndiyo iliyoniangusha kutoka 7.4. Nimonia ilinishusha kutoka mahali fulani chini ya hapo, na mahali penyewe sipajui, kwa kuwa sikuwahi kuacha papimwe. Hilo limeniuma kuliko ugonjwa wenyewe. Miezi minne ya kuamka saa kumi na moja alfajiri, kabla matatu hazijaanza kupiga honi pale chini, na sina rekodi ninayoweza kuiamini.

Ningeweza kushusha viwango kidogo kidogo kwa kukataa mazoezi na kuchagua mepesi zaidi. Rafiki zangu wawili walinishauri hivyo, kwa nia njema, kwamba kuanza moja ni kupoteza wiki kadhaa kwa mazoezi ya kitoto. Pengine ni kweli kwa mtu mwingine. Mimi nilihitaji programu iache kuniamini, ili tuanze kujuana upya.

Jumanne nikafanya la kwanza. VO2 max, kiwango cha 1.0: vipindi vifupi vya dakika moja moja, na kupumzika kwa kutosha katikati. Nilidhani litakuwa jepesi mno. Kufikia kipindi cha nne mapigo ya moyo yalikuwa yamepanda kuliko nilivyotarajia, na hayakutaka kushuka. Mtu akiacha mazoezi, majimaji ya damu hupungua ndani ya wiki mbili za mwanzo, na moyo hulazimika kupiga mara nyingi zaidi kusukuma kiasi kile kile cha damu. Nilikuwa nimelisoma hilo mahali. Kulisikia shingoni ni kitu kingine. Sikusimamisha. Swali lilipotokea, kidole kilielekea "wastani" kwa mazoea, nikakirudisha nikabonyeza "ngumu."

Alhamisi, uvumilivu. Saa nzima ya kukanyaga taratibu, wati 115, na hilo kwa kweli lilikuwa rahisi. Nikasema rahisi. Kiwango kikaruka hadi 2.3 mara moja. Inaonekana miguu imekumbuka mengi kuliko mapafu, na nimefurahi kulijua hilo kwa namba ambayo sikuisukuma.

Jana nilitoka barabarani kwa mara ya kwanza tangu Mei. Kwa kawaida tunapanda kupitia Ruaka, Banana, Tigoni, mpaka Limuru, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na pale kwenye mashamba ya chai ndipo watu huanza kushindana. Wenzangu waliponiuliza nitafika wapi, niliwaambia Banana. Nikafika Banana. Nikanunua ndizi mbili kwa mama mmoja pale kando ya stendi, nikala nimesimama, nikawatazama wakiingia kwenye ukungu wa kuelekea Tigoni mpaka taa nyekundu ya wa mwisho ikapotea. Halafu nikageuza baiskeli.

Leo ni Jumapili na kikundi kimeanza kutuma picha. Nimetuma yangu: 1.2, 2.3, 1.0, 1.0, 1.0. Kesho napumzika. Jumanne ni VO2 max tena, kiwango cha 1.4, dakika arobaini na tano. Taulo ziko kwenye kamba, zitakuwa zimekauka.