Mradi wa tovuti ya Pemba: wiki ya viungo, na si vya pilau

Ijumaa, baada ya sala

Nimempa ami simu barazani, hapa Wete, aipitie tovuti kabla sijamwonesha mtu mwengine. Menyu ina viungo sita, yaani majina ya kubonyeza: Mwanzo, Ngezi, Vumawimbi, Kidike, Pujini, Picha. Akabonyeza Kidike, kwenye hifadhi ya popo, ukurasa ukafunguka. Akabonyeza Kidike tena. Na tena.

"Mbona n'nabonyeza hichi hakinendi?"

"Ushafika, ami. Upo Kidike."

"N'tajuaje?"

Nikakosa la kusema. Rangi ya chungwa niliiweka kwenye `a:active`, kanuni ya kukipamba kiungo (`a`), na kwa wiki tatu nimekuwa nikiamini kazi imekwisha. Nilijua neno hilo maana yake ni ukurasa uliopo. Kumbe `:active` ni ule muda tu ambao kidole au mausi imekishika kiungo. Ukiachia, rangi nayo imekwenda zake. Kwenye kompyuta nilikuwa naiona ikimeta nikafurahi, nikadhani inanijibu mimi.

Jumamosi

Kumwambia msomaji yupo ukurasa gani ni kazi yangu, na inaandikwa kwenye HTML, lugha ya kuundia ukurasa. Katika kila ukurasa nimekipa kiungo chake maneno haya: `aria-current="page"`. Kisha kwenye CSS, lugha ya mapambo, nikaandika `nav a[aria-current="page"]` na kukipamba hapo. Ningeweza kubuni jina langu mwenyewe, lakini hili lina faida ya ziada: asiyeona, anayetumia programu ya kumsomea skrini, husomewa pia kwamba kiungo hiki ndicho cha ukurasa alipo. Kurasa ni tano tu (Picha ni sehemu ya chini ya Mwanzo), nimeandika kwa mkono huku chai inapoa.

Rangi ndiyo iliyonila mchana wote. Menyu yangu ni kijani cha jani la mkarafuu, `#006400`, na herufi nyeupe. Hapo tofauti ya mwanga ni kama 7.4 kwa 1, safi kabisa. Nikakipaka kiungo cha ukurasa uliopo rangi ya chungwa, `#ffa500`. Kupima: 3.8 kwa 1 juu ya kile kijani, na WCAG, mwongozo wa kufanya tovuti zitumike na watu wote, unataka angalau 4.5 kwa maandishi ya kawaida. Baya zaidi, chungwa na nyeupe zenyewe zinaachana kwa 2 tu. Nikatoka na simu juani saa saba mchana: majina sita yote yamefanana kama dagaa. Na asiyetofautisha rangi vizuri hahitaji hata jua.

Basi herufi zote zimerudi kuwa nyeupe, na ukurasa uliopo unapata mstari wa chungwa chini yake, unene wa pikseli 3. Kwa alama kama hiyo 3 kwa 1 inatosha, na mstari unaonekana hata ukiitazama menyu kwa rangi nyeusi na nyeupe. Mimi ni mtu wa mapambo, nilitaka na herufi nene juu yake. Herufi nene zina upana zaidi: Vumawimbi ikamsukuma Picha mstari wa pili kwenye simu ya ami. Nimeziondoa.

Jumapili

Kosa dogo la kuudhi. Mstari ule ule nimeutumia kwenye `:hover`, yaani kishale kikiwa juu ya kiungo, na kila kishale kikipita juu ya jina, ukurasa mzima unashuka pikseli 3, kishale kikiondoka unapanda. Kama dau bandarini. Dawa: viungo vyote vipewe mstari wa pikseli 3 tangu mwanzo, usio na rangi, `transparent`. Kinachobadilika ni rangi peke yake.

Jumatatu

Mpangilio. Kanuni zikiwa na uzito sawa, ya chini ndiyo inayoshinda; mimi `:active` niliiweka juu ya `:hover`, kwa hiyo kwenye kompyuta haikuwa ikionekana tena. Sasa ni `:link`, `:visited`, `:hover`, `:focus-visible`, `:active`. Ile `outline: none` niliyoinakili mahali zamani, inayoficha alama ya kiungo kilichofikiwa kwa kibodi, nimeifuta, maana anayetembea kwa kitufe cha Tab alikuwa anapapasa gizani.

Jumanne

Simu haina kishale, lakini `:hover` inajitokeza hivyo hivyo: ukigusa Picha ukateremka chini, mstari unabaki pale, sasa majina mawili yana mstari na mtu hajui lipi la kweli. Nimeifungia `:hover` ndani ya `@media (hover: hover)` ili ifanye kazi kwenye vifaa vyenye mausi tu.

Na nimegundua kwa nini ami hubonyeza mara mbili mbili hata akiwa ukurasa mwengine. Nafasi ya kuzunguka jina niliiweka kwenye `li`, kisanduku kinachokibeba kiungo, si kwenye `a` yenyewe. Kidole chake cha mvuvi kinagusa kijani kitupu, hakuna kinachotokea. Nimeihamishia kwenye `a`, ambayo tayari ilikuwa `display: block`, kila kiungo kikafika urefu wa pikseli 44.

Magharibi nimempelekea simu tena. Akabonyeza Kidike mara moja, akautazama mstari, akatikisa kichwa kukubali.

"Haya, nipo Kidike. Popo wako wapi?"

Picha za popo bado sijazipandisha.