Maisha ya Caelius Rufus: nimefika kwenye barua

Katika kitabu ninachoandika juu ya maisha yake, sura ya kesi imekamilika. Aprili 56 KK Marcus Caelius Rufus, mwanasiasa kijana wa Kirumi, alishtakiwa Roma kwa vurugu, na miongoni mwa tuhuma ilikuwamo ya kuuawa kwa Dio, mwanafalsafa aliyekuja na ujumbe wa Aleksandria. Cicero, msemaji na mwanasiasa mashuhuri, alimtetea, akaachiwa. Nimeifupisha makusudi, kwa sababu katika hotuba ile maarufu ya Cicero, Clodia, mwanamke wa ukoo mkubwa aliyedaiwa kuwa nyuma ya mashtaka, anashambuliwa hadi mshtakiwa mwenyewe anasahaulika.

Caelius wa kweli yumo kwenye barua zake 17 kwa Cicero, nyingi za 51 na 50 KK, Cicero alipokuwa liwali wa Kilikia, jimbo la Roma lililokuwa katika Uturuki ya leo. Nazipanga kwa tarehe, na pembeni naandika yaliyokuwa yakiendelea seneti.

Zinazonivutia zaidi ni za chui. Caelius alikuwa anaingia kwenye uedili, cheo kilichomdai aandae michezo ya umma, na anamkumbusha Cicero tena na tena amtumie chui. Anambana: mwanasiasa mwenzangu Curio keshapata 10 kutoka kwa mtu aitwaye Patiscus, wewe je? Cicero anajibu kwa utani kwamba chui wanalalamika kuwa ni wao tu wanaowindwa katika jimbo lake. Kwa rafiki yake Atticus anasema wazi: kuwaamuru wenyeji wa Cibyra, mji wa jimbo lake, wakawinde kungemharibia jina. Hapa ndipo naona jinsi michezo ya Roma ilivyowaelemea watu wa majimboni, na nimeipa kurasa nyingi.

Kisha barua ya Agosti 50 KK. Caelius anaandika kwamba ugomvi wa kisiasa ukiwa bado wa maneno, mtu afuate upande wenye haki zaidi. Silaha zikishikwa, afuate wenye nguvu. Mwaka uliofuata, vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Caesar na Pompey vilipoanza, alikuwa upande wa Caesar.

Iliyobaki ni 48 KK. Akiwa pretori, yaani hakimu mkuu, alitaka wadaiwa wapunguziwe mzigo, Servilius, konsuli (cheo cha juu kabisa serikalini), akamzuia asifanye kazi yake. Akaungana na Milo, mwanasiasa aliyekuwa amefukuzwa Roma, akauawa Thurii, kusini mwa Italia, akijaribu kuwahonga wapanda farasi wa Caesar. Wengi humwona kama aliyepoteza akili. Mimi sikubali. Katika barua yake ya mwisho anasema kwamba Roma nzima, isipokuwa wakopeshaji wachache, imeshageukia kwa Pompey. Aliamini nguvu imehama, naye akahama nayo. Sura ya madeni naanza kuiandika kutoka hapo.