Nilivyoweka Sponji kwenye Viti vya Volkswagen Beetle Yangu ya 1969

Kilichonifanya nivifungue viti ni unga wa kahawia uliokuwa ukidondoka sakafuni kila nilipopita kwenye matuta. Beetle za miaka ile hazikuwekwa sponji. Chini ya ngozi bandia kuna springi, juu yake gunia, halafu mkeka mnene wa nywele za wanyama na nyuzi za makumbi ya nazi zilizoshikanishwa kwa mpira. Mpira ukizeeka hukauka na kusagika, nyuzi zikaachana, na dereva akazama kitini hadi usukani ukamjia kifuani. Mikeka mipya ya namna hiyo hutengenezwa ng'ambo, lakini ukijumlisha usafiri na ushuru, hamu inakuisha. Nikaamua kutumia sponji ya godoro ya hapa hapa Nairobi.

Fundi mmoja wa viti pale Kirinyaga Road alinishauri, "Chukua ile nzito kabisa, bosi, hutarudi hapa." Ushauri haukuwa mbaya, ila haukutosha. Uzito wa sponji na ugumu wake ni vitu viwili. Uzito hupimwa kwa kilo katika kila mita ya ujazo, na ndio unaoamua itakaa muda gani kabla ya kubonyea moja kwa moja. Ugumu ni jinsi inavyokuhimili unapoketi. Kuna sponji nzito iliyo laini, na kuna nyepesi ngumu ambayo baada ya miezi michache ni kama chapati. Pa kukalia niliulizia isiyopungua kilo 35: tabaka gumu la sentimita tano chini, laini la sentimita mbili na nusu juu. Pa kuegemea si lazima iwe nzito hivyo.

Unene huo sikuubuni. Ukivua kitambaa, tazama kona za nyuma za mkeka wa zamani, kule ambako makalio hayafiki. Hapo unene wa kiwandani huwa umebaki. Pima hapo kabla hujatupa chochote, kwa sababu sponji ikizidi utagonga paa kwa kichwa, na ikipungua kitambaa kitakunjana.

Springi nilizisugua kutu kwa brashi ya waya, nikazipaka rangi, kisha nikashona gunia jipya la mkonge juu yake. Hili watu hulipuuza. Sponji ikilala moja kwa moja juu ya springi, waya huila polepole kutoka chini.

Kukata nilitumia kisu cha mkate chenye meno, nikikivuta bila kukandamiza, na nikaacha sentimita moja ya ziada kila upande ili kitambaa kikazike. Gundi nilipaka pande zote mbili, nikangoja hadi isinate kidoleni. Fanyia kazi hii nje, harufu yake si mchezo. Kisha funika sponji kwa nailoni nyembamba kabla ya kuvisha kitambaa. Bila hiyo vinang'ang'aniana na utatokwa na jasho bure.

Kiti cha nyuma ndicho kilichonitia wasiwasi. Betri ya Beetle imekaa chini yake, upande wa kulia. Springi zikilegea na mtu mzito akaketi hapo, chuma kinaweza kugusa vichwa vya betri, cheche ziruke, na ule mkeka mkavu ushike moto. Sponji ya godoro nayo huwaka upesi, tena kwa moshi wenye sumu. Nilikata mpira wa tyubu ya lori nikaifunika betri yote, nikaufunga kwa mkanda. Halafu, ili nijue nafasi inayobaki kati ya springi na betri, nikaweka donge la unga wa chapati uliokandwa juu ya mpira, nikarudisha kiti, nikamwita shemeji yangu, mtu wa mwili kwelikweli.

"Nikae tu?" akauliza.

"Kaa, shem, halafu urukeruke kidogo."

Donge lilitoka likiwa na unene wa sentimita tatu. Lingebanwa likawa jembamba kama karatasi, ningevua kila kitu nikaze springi upya.