Kasi ya Shafti: Kuhesabu Mapigo au Kupima Muda Kati Yake

Enkoda, yaani kifaa kinachofungwa kwenye shafti (mhimili unaozunguka) na kutoa mapigo ya umeme kadiri inavyozunguka, ikitoa mapigo 1,024 kwa kila mzunguko huonekana kutosha kwa kazi yoyote, lakini usahihi wake hutegemea sana namna programu ya kukusanya data inavyoyasoma mapigo hayo. Tukiyahesabu kwa vipindi vya sekunde 0.1, shafti inayozunguka mara 3,000 kwa dakika hutoa mapigo 5,120 kila kipindi, na pigo moja likipotea mpakani mwa kipindi halina madhara. Ikishuka hadi mizunguko 6 kwa dakika, tunabaki na mapigo kama 10 tu, na kosa la pigo moja hufikia takribani asilimia 10. Grafu hupanda na kushuka kama ngazi ilhali shafti yenyewe imetulia.

Kwa mwendo huo wa taratibu napendelea kupima muda kati ya pigo na pigo: saa ya ndani ya kifaa cha kupimia, yenye megahezi 10 (mipigo milioni 10 kwa sekunde), hupiga zaidi ya mara 97,000 katika nafasi hiyo moja. Hata hivyo, mistari ya diski ya enkoda, ile inayozalisha mapigo, haipangiki sawasawa kabisa, na kiunganishi cha enkoda na shafti kikifungwa bila kukaa katikati huongeza mawimbi yanayojirudia kila mzunguko, kwa hiyo ni vyema wastani uchukuliwe kwa mzunguko mzima, ingawa hapo jibu litasubiriwa kwa sekunde 10.