Mwaka 1974 kwenye kibao cha shule

Kwa miezi miwili nimekuwa nikitafuta jambo nililodhani lingenichukua alasiri moja tu, nalo ni mwaka ilipoanzishwa shule ya msingi niliyosoma, katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Bahi. Kibao cha getini kinasema 1974. Mwaka huo umenakiliwa katika risala za mahafali na kusomwa mbele ya wageni rasmi, hata watu wakaamini kwamba vyanzo ni vingi, ilhali chanzo ni kimoja: fundi aliyepaka rangi kibao.

Mashaka yalianza kwa mzee mmoja ninayemwita babu ingawa hatuna udugu. Nilipomtajia 1974 alicheka, akasema, "Mjukuu wangu, mwaka huo nilikwisha kuoa, na shule hiyo nimesoma mimi." Akafungua sanduku la bati, akatoa mfuko wa nailoni, na ndani yake cheti cha darasa la nne. Wino wa muhuri umefifia, lakini mwaka 1959 unasomeka vizuri. Jina la mahali, hata hivyo, si la kijiji cha leo, bali ni la mahame yaliyo ng'ambo ya korongo.

Hapo ndipo nilipokumbuka Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, iliyowahamisha watu wa mkoa huu kwenye vijiji vya ujamaa. Je, shule ilihama pamoja na watu, au ilikufa ikazaliwa nyingine? Kumbukumbu ya babu haikutosha kulijibu swali hilo, kwa kuwa kila mtu hupenda shule yake iwe kongwe. Mwalimu mkuu aliniruhusu kusoma daftari la uandikishaji akiwa ameketi kando yangu, na nadhani alifanya vyema kutoniachia. Ukurasa wa kwanza uliosalia ni wa 1971, lakini namba ya mwanafunzi wa kwanza si 1, ni 212, na mbele ya majina mengi pameandikwa "amehamia na shule". Maneno hayo matatu yana uzito kuliko risala zote. Kitabu cha kumbukumbu za shule nacho kinaonyesha kwamba 1974 yalifunguliwa madarasa mawili ya matofali, kwa hiyo kibao hakikudanganya. Kinataja umri wa jengo.

Vyanzo vya serikali nilivipitia pia, ila kila kimoja kina mpaka wake. Baraza la Mitihani limeanzishwa 1973, basi haliwezi kuwa shahidi wa 1959. Tarehe ya usajili iliyotolewa chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inaeleza siku shule ilipotambuliwa na sheria hiyo, wala si siku mtoto wa kwanza alipofundishwa kuandika. Tena karatasi za zamani zinaiweka shule Dodoma Vijijini, kabla wilaya hiyo haijagawanywa kuwa Bahi na Chamwino, jambo lililomfanya mwenzangu mmoja azihesabu shule mbili.

Nimempelekea mwalimu mkuu maneno mapya ya kibao: "Ilikuwapo 1959, ilihamia hapa 1971, madarasa ya matofali 1974." Ameyakubali, ila amesema ni marefu mno, na fundi hutoza kwa herufi.