Kamera ndogo yenye sensa kubwa: hesabu zangu za Sony A7C II

Tofauti ya uzito baina ya Sony A7C II na Sony A7 IV ni gramu 144, betri na kadi zikiwa ndani. Ya kwanza ina gramu 514, ya pili 658. Nimeanza na namba hizi kwa sababu ndizo zinazotangazwa sana na ndizo zinazowafanya watu watoe pesa. Mimi ninazo zote mbili, natafutia riziki kwazo hapa Mombasa, na kwa mkono wangu gramu hizo 144 ni jambo la mwisho kabisa katika yale yanayozitofautisha. Yupo atakayeinunua A7C II akakaa nayo raha miaka na miaka, na yupo atakayeinunua Mfungo Mosi, harusi zinapoanza kupamba moto, akawa anatafuta wa kumuuzia kabla Mfungo Tatu kuingia.

Kwa asiyejua, zote mbili ni kamera zisizo na kioo ndani, na sensa yake, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga wa picha, ni ya fulu-fremu: milimita 36 kwa 24, sawa na fremu moja ya ule mkanda wa filamu wa milimita 35 waliotumia wazee wetu. Zote zina megapikseli 33. Ukiniwekea picha mbili mezani, moja ya hii na moja ya ile, siwezi kukwambia ipi ni ya ipi. Kwa hiyo mtu asinunue ndogo kwa kudhani atapata picha bora zaidi, wala asinunue kubwa kwa dhana hiyo hiyo.

Kazi yangu kubwa ni picha za wanawake. Siku ya kupamba, bi arusi anaketishwa jukwaani, hina imepanda hadi viwikoni, na ukumbi mzima ni wanawake watupu. Mabuibui yamevuliwa, nywele ziko wazi, dhahabu zimetolewa makabatini. Mlangoni kuna shangazi mmoja ambaye kazi yake ni kuhakikisha hakuna simu inayopiga picha. Mpiga picha lazima awe mwanamke, na hata akiwa mwanamke, anaangaliwa jicho la pembeni mpaka azoeleke.

Hapo ndipo udogo wa kamera unapofanya kazi ambayo haimo kwenye tangazo lolote. Nikisimama na A7 IV na lenzi nene ya zumu ya 24-70, inayovuta karibu na mbali, wageni huvuta mitandio kabla sijainua mkono. Lenzi ile inaonekana kutoka upande wa pili wa ukumbi, na kila mtu anahisi imeelekezwa kwake. Nikija na A7C II na lenzi ya 40mm f/2.5 yenye gramu 173 (hiyo f ni kipimo cha mwanya wa kupitisha mwanga: namba ikiwa ndogo, mwanya ni mkubwa), nakaa mkekani pamoja na kina mama, nakunywa kahawa yao, kamera iko mapajani. Mama wa bi arusi anamwekea mwanawe asumini nywele, vidole vinatetemeka kidogo, pini imo mdomoni. Naipata picha ile bila mtu kugeuka. Bi mmoja mtu mzima aliwahi kuniuliza, “Mwanangu, hako kakamera kanatoa picha kweli?” Nilimwonyesha uso wake mwenyewe kwenye kioo cha nyuma, akaniita kwa mabinti zake wote niwapige mmoja mmoja.

Lakini angalieni nilichosema: kamera pamoja na lenzi ya 40mm. Mkiondoa hiyo lenzi, maneno yangu yote hapo juu yanaanguka. Kamera na 40mm kwa pamoja ni gramu 687. Mkiifunga 24-70 f/2.8 GM II ya Sony, ambayo peke yake ni gramu 695, mzigo unafika kilo 1.2, na uzito wote uko mbele. Mshikio wa A7C II ni mfupi, kidole changu cha mwisho kinakosa pa kukaa, kinaning’inia chini ya bodi. Kwa nusu saa si kitu. Kwa sherehe inayoanza baada ya isha na kwisha usiku wa manane, kifundo cha mkono kinawaka moto. Ile A7 IV iliyo nzito zaidi kwenye mizani ndiyo inayochosha kidogo ukiwa na lenzi kubwa, kwa sababu vidole vyote vimeshika.

Kwa hiyo anayeniuliza kuhusu kamera hii namuuliza kwanza: lenzi gani utaishi nayo? Akinijibu zumu ya f/2.8, namwambia aiache ndogo hapo hapo dukani. Akiwa yuko tayari kuishi na lenzi zisizo na zumu, Sony walitoa tatu mwaka 2021 zinazolingana nayo kama kidani na shingo: 24mm f/2.8 ya gramu 162, hiyo 40mm, na 50mm f/2.5 ya gramu 174. Zote tatu zinakula filta ya milimita 49, na jambo hilo lina faida yake pwani, nitalieleza.

Sasa nije kwenye kadi, maana hapa sina mzaha hata kidogo. A7C II ina sehemu moja tu ya kadi. A7 IV ina mbili, na ninaipanga iandike kila picha kwenye zote kwa wakati mmoja. Nikahi inasomwa mara moja. Bwana arusi akishasema “nimekubali”, huwezi kumwomba sheikh arudie kwa sababu kadi yako imekataa. Niliwahi kurudi nyumbani na kadi iliyofanya kazi vizuri usiku kucha ukumbini, nikaiweka kwenye kompyuta, kompyuta ikasema haina kitu. Haikuwa kadi ya bei ya chini wala kuukuu. Nakala zote zilikuwa kwenye kadi ya pili, familia haikujua lolote, na mimi nililala. Nikifikiria lingekuwa lile tukio kwenye kamera ya kadi moja, tumbo linanikata hadi leo.

Kuna upande wa pili wa jambo hili ambao nimeusoma ukumbini tu. Mara nyingi mgeni hunijia baadaye, “Dada, ile picha niliyokuwa nacheza, nifutie.” Ni haki yake, na mimi hufuta mbele ya macho yake. Kwenye kadi moja, ikifutwa imefutwa, anaona, anaondoka na moyo mweupe. Kwenye kadi mbili lazima nihakikishe na nakala ya pili nayo imekwenda, na lazima yeye aone hivyo, vinginevyo ile imani iliyonipitisha mlangoni itakuwa imevunjika. Wanawake wengi hawajui kwamba kamera kubwa zinaandika mara mbili. Mimi nawaambia.

Jua ni mtihani mwengine. Shata, lile pazia linalopima muda wa mwanga kuingia, kwenye A7C II inaishia 1/4000 ya sekunde, ya A7 IV inafika 1/8000. Mtu wa mjini Ulaya huenda asione tofauti. Njooni Diani saa sita mchana, mchanga mweupe, bi arusi amevaa nyeupe, na wewe unataka f/1.8 ili mandhari ya nyuma ilainike. Kwenye ISO 100, yaani sensa ikiwa imewekwa kwenye wepesi mdogo wa kupokea mwanga, mwanga ule unadai kasi inayokaribia 1/8000 au kuizidi, na kamera ndogo haina. Ukibadilisha kwenda shata ya elektroniki utaipata hiyo 1/8000, ila sensa inasomwa mstari baada ya mstari, na kinachokwenda mbio kinaweza kupinda. Mimi nafunga filta ya kupunguza mwanga, ile moja ya milimita 49, naihamisha kutoka lenzi moja hadi nyingine. Lenzi za f/2.5 zinasaidia vilevile, maana kwa jua la kawaida zinagusa hiyo 1/4000 bila kuivuka sana.

Na flashi. A7 IV inakwenda na flashi hadi kasi ya shata ya 1/250, hii ndogo inaishia 1/160. Kivulini haina neno. Juani, ukitaka kujaza mwanga usoni mwa mtu aliyelipa jua mgongo, unabanwa upesi: unalazimika kufunga mwanya wa lenzi zaidi, na flashi inabidi itoe nguvu nyingi zaidi. Nimezoea kuwasogeza watu chini ya mkungu au kwenye kivuli cha ukuta, na mara nyingi picha inakuwa nzuri zaidi, lakini si kila mteja ana subira ya kusogezwa.

Kitundu cha kuchungulia kiko pembeni kushoto, ni kidogo, kina nukta milioni 2.36. Cha A7 IV kina milioni 3.68 na ni kikubwa zaidi. Mimi navaa miwani. Pembe za fremu kwenye ndogo sizioni vizuri, na nikiwa juani ninategemea kioo cha nyuma huku nimekiwekea kivuli cha mtandio. Tena haina kile kijiti cha kusogezea alama ya fokasi. Unagusa kioo kwa kidole gumba. Ukiwa na mikono yenye mafuta ya halua, hebu fikirini.

Betri sina la kulalamikia. Ni ile ile NP-FZ100 inayotumika kwenye A7 IV, kwa hiyo chaja moja inazitosha kamera zote mbili. Kuna kamera ndogo za fulu-fremu zilizopunguziwa betri ili ziwe ndogo, na nadhani huko ni kuweka akiba mahali pasipofaa. Canon RP ni mfano: nyepesi, gramu 485, lakini betri yake inatajwa kutoa picha kama 250 tu kwa kipimo cha kiwandani.

Kuna waliokwenda mbali zaidi kwa udogo. Sigma fp ya mwaka 2019 ina gramu 422, na Panasonic S9 ya mwaka 2024 ina 486. Zote mbili hazina kitundu cha kuchungulia kwenye bodi, na zote hazina shata ya kimakanika. Kumbi zetu siku hizi zimejaa taa za LED za kila rangi, na shata ya elektroniki chini ya taa hizo huchora mistari kwenye picha, bi arusi akawa na kanga ya mwanga usoni ambayo hakuivaa. S9 hata flashi huwezi kuiwashia juu, kile kiatu chake cha juu, pa kufungia flashi, hakina umeme. Kwa mtu anayetembea Ndia Kuu asubuhi akipiga milango na watoto wa madrasa, zinafaa sana. Kwa ukumbini, hapana.

Swali ambalo watu hawaulizi, na ningependa waulize: unahitaji fulu-fremu kweli? Sony A6700, yenye sensa isiyofika nusu ya eneo la hii, ina gramu 493. Tofauti na A7C II ni gramu 21. Kwenye bodi hujaokoa kitu. Ni kwenye lenzi ndipo sensa ndogo inapolipa: zumu ya Sigma 18-50 f/2.8 ya sensa ndogo ni gramu 290, na ile 28-70 f/2.8 ya fulu-fremu, ambayo yenyewe inasifiwa kwa wepesi, ni 470. Anayepiga mchana, safari, chakula, bandari, achukue sensa ndogo na zumu yake, atafurahi. Mimi nimebaki kwenye kubwa kwa ajili ya usiku. Kesha za hina zinafanyika uani, taa moja ya ukutani na simu za mabinti zinazomulika, na ninapopandisha ISO hadi 6400 ngozi bado ni ngozi, rangi ya hina haijageuka matope.

Nje ya harusi, ndogo ndiyo ninayotoka nayo. Inaingia mkobani chini ya mtandio, napanda tuktuk hadi Mji wa Kale, hakuna anayejua nimebeba nini. Nikikaa na wazee barazani karibu na Ngome ya Yesu, naomba ruhusa, napiga, nairudisha. A7 IV siku hizo inabaki kabatini na vifuko vyake vya kukausha unyevu, maana hewa yetu ya chumvi na unyevu hula lenzi kwa ukungu bila kuuliza bei.

Msaidizi wangu ameanza kupata kazi zake mwenyewe na ana pesa ya kamera moja tu. A7C II ilipotoka 2023 iliuzwa dola 2,200 Marekani, na A7 IV ilikuwa 2,500 ilipotoka 2021, ila sasa hiyo ya zamani inapatikana mkono wa pili kwa watu wanaoipenda mpya, hasa kutoka Dubai. Yeye moyo wake uko kwenye ndogo, na namwelewa. Nimemwambia achukue A7 IV iliyotumika, aifunge 40mm, ambayo bado inaifanya iwe gramu 831 tu, kisha aseti kadi mbili ziandike pamoja. Shangazi wa mlangoni atamkubali. Tumepiga hesabu, pesa iliyobaki inatosha kadi mbili nzuri na betri ya akiba. Filta atatumia yangu mpaka alipwe harusi yake ya kwanza.